Jinsi ya Kukesha Kiroho: Linda Upande Unaoudhania Salama

Biblia yangu ina uzi mwekundu wa alamisho. Usiku mmoja niliifungua nikaukuta uzi ule umelala pale pale nilipouacha miezi mitatu nyuma. Ulikuwa umekaa sana hadi ukachora mfereji mwembamba kwenye karatasi. Katika miezi hiyo mitatu nilikuwa nimefundisha, nimeongoza maombi, nimewaombea wagonjwa. Maandiko nilikuwa nayasoma kwenye simu, lakini kila nikisoma natafuta somo la kuwapa wengine. Hakuna aliyejua kwamba nimelala. Hata mimi sikujua, na hilo ndilo lililonitisha.

Kwa hiyo ninayemwandikia hapa hasa ni wewe mpendwa uliyeokoka siku nyingi, unayehudumu, ambaye ukiulizwa hali yako unajibu "Bwana asifiwe" bila kufikiri. Aliyeanguka hadharani anajua kwamba ameanguka. Anayesinzia ndiye anayehitaji kuamshwa. Nitaeleza hatua ninazozifuata mimi mwenyewe tangu usiku ule. Usizianze zote kwa siku moja.

Hatua ya 1: Jua unachoambiwa ukikeshe

Wengi wetu tukisikia "kukesha" tunawaza ibada ya usiku kucha. Mikesha naipenda, na nimeona Mungu akitenda humo. Lakini mtu anaweza kukaa kanisani mpaka alfajiri, akaimba na kulia, na roho yake ikawa imelala fofofo. Neno la Kigiriki linalotumika mara nyingi katika Agano Jipya, *gregoreo*, ni kuwa macho kama mlinzi aliye zamuni: anajua anachokilinda, anajua adui anaweza kutokea wapi, na anamngoja mwenye nyumba arudi.

Soma tena mfano wa wanawali kumi katika Mathayo 25. Kwa miaka mingi nilidhani watano walilala na watano wakabaki macho. Maandiko hayasemi hivyo. Bwana arusi alipokawia, wote kumi walisinzia wakalala. Zilipopigwa kelele usiku wa manane, wote kumi waliamka. Tofauti ilikuwa kwenye vyombo vya mafuta, vilivyojazwa mapema, wakati hakuna aliyekuwa na haraka. Tangu nilipoliona hilo niliacha kujipima kwa jinsi ninavyojisikia nikiwa kwenye ibada yenye moto. Najipima kwa kile nilichoweka akiba siku za kawaida, siku ambazo hakuna kilichonisukuma.

Na Bwana alipowaambia wanafunzi kule Gethsemane, "Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni," aliyaweka maneno mawili pamoja. Ukikesha bila kuomba utaishia kwenye wasiwasi, maana utakuwa unaziona hatari zote na huna wa kumwambia. Ukiomba bila kukesha, utamwomba Mungu akuepushe na jambo lile lile ambalo miguu yako inalifuata.

Hatua ya 2: Tafuta upande usio na mlinzi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini ndipo wengi tunapopotelea.

Katika Ufunuo 3 Bwana analiandikia kanisa la Sardi: "una jina la kuwa hai, nawe umekufa." Kisha analiambia likeshe, na kwamba lisipokesha atakuja kama mwivi. Watu wa Sardi walikuwa na sababu ya kulielewa neno hilo kuliko miji mingine. Ngome ya mji wao ilijengwa juu ya mwamba wenye kuta za asili, miteremko mikali ambayo hakuna aliyedhani mtu anaweza kuipanda. Katika karne ya 6 K.K. Koreshi wa Uajemi aliuzingira, akiwa anapigana na Croesus, mfalme wa Lidia. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba askari mmoja wa Lidia aliangusha kofia yake ya chuma ikabingirika chini ya jabali. Akashuka, akaiokota, akapanda tena. Mwajemi mmoja alikuwa anatazama. Siku iliyofuata Waajemi walipanda kwa njia ile ile, upande ambao haukuwekwa mlinzi hata mmoja kwa kuwa ulionekana hauwezi kupandwa. Mji ukaanguka.

Zaidi ya miaka 300 baadaye, mji huo huo ulitekwa tena kwa namna inayofanana mno, safari hii na jeshi la mfalme Antioko wa 3. Mwanahistoria Polybius anaeleza kwamba mtu mmoja kwenye jeshi hilo aliona ndege wala mizoga wakitua na kukaa juu ya sehemu fulani ya ukuta. Akafikiri: pangekuwa na mlinzi pale, ndege wasingetulia. Wakapanda hapo.

Mpendwa, kila mmoja wetu ana upande kama huo. Mara nyingi si udhaifu wake anaoujua. Aliyewahi kuwa mlevi anaikwepa baa kwa umakini mkubwa, na neema ya Mungu inamshika. Anaporwa kwingine: kwenye fedha ambazo hajawahi kuzihesabu kuwa tatizo, au kwenye sifa anazopewa kwa ushuhuda wake. Petro alikuwa jasiri, alichomoa upanga mbele ya kikosi cha watu, na bado akashindwa pale pale kwenye ujasiri, mbele ya kijakazi aliyemwuliza swali penye moto.

Fanya hivi. Chukua karatasi, kaa peke yako nusu saa, uandike majibu ya maswali haya kwa mkono wako:

- Ni eneo gani la maisha yangu ambalo sijaliombea mwaka mzima kwa sababu liko sawa?
- Mara tatu za mwisho nilipotenda dhambi niliyoijua, ilikuwa saa ngapi, nikiwa wapi, baada ya nini?
- Ni jambo gani likiguswa na mtu huwa nalitetea haraka kupita kiasi?
- "Ndege" gani wameanza kutua? Yaani ni vitu gani vidogo ambavyo zamani vingenisumbua, na sasa vinakaa tu wala sivifukuzi?

Swali la pili litakupa habari nyingi kuliko unavyotarajia. Mimi niligundua kwamba sianguki ninapokuwa na huzuni, kama nilivyodhani. Naanguka baada ya mafanikio: siku ya pili baada ya huduma iliyobarikiwa, mchana, nikiwa nimechoka na nikijiona ninastahili kupumzika na kila kitu, pamoja na utii. Ukisoma 2 Samweli 11 utamkuta Daudi hapo hapo. Ni majira ambayo wafalme hutoka kwenda vitani, yeye kabaki Yerusalemu. Jioni anaondoka kitandani, anatembea juu ya dari. Vita vinakwenda vizuri, jeshi lina Yoabu. Hakukuwa na hatari yoyote iliyoonekana.

Karatasi hiyo usimwonyeshe kila mtu. Itunze, utaihitaji katika hatua ya 5.

Hatua ya 3: Igawe siku kwa zamu

Hakuna mlinzi anayelinda "siku zote". Analinda zamu yake. Katika Marko 13:35 Bwana anasema hatujui mwenye nyumba atakuja lini, kama ni jioni, au usiku wa manane, au awikapo jimbi, au asubuhi. Hizo ni zamu nne za usiku kwa hesabu ya Kirumi. Ukiendelea kusoma sura ya 14 na 15 utaona jambo la kushangaza: jioni wanafunzi wako mezani na Yesu, naye anasema mmoja wao atamsaliti, usiku wanalala Gethsemane, jimbi linawika Petro akikana, asubuhi Bwana anafungwa na kupelekwa kwa Pilato. Kila zamu ilifika, na hakuna hata moja iliyowakuta wako macho.

Kwa hiyo chagua saa nne katika siku yako. Ziambatanishe na mambo ambayo tayari unayafanya, usitegemee kumbukumbu: unapoamka kabla ya kugusa simu, unapoanza kazi, unapofunga kazi, unapozima taa. Kila zamu dakika mbili au tatu zinatosha, isipokuwa moja utakayoipa muda mrefu zaidi. Simama mbele za Mungu na umwambie mambo matatu tu: niko wapi sasa hivi, nini kinakuja mbele yangu, nahitaji neema gani kwa hilo. Ukikosa zamu moja, usiilipe kwa kuongeza muda kwenye inayofuata. Endelea na inayofuata kama ilivyo. Nimeona watu wengi wakiacha kabisa kwa sababu ya deni walilojiwekea wenyewe.

Hatua ya 4: Jaza mafuta kabla hayajahitajika

Ile zamu ndefu, dakika 20 au 30, iwe ya Neno na maombi, na iwe yako wewe. Kama unafundisha au unahubiri, ni sharti somo hili lisiwe la kuandaa chochote. Mimi nimejiwekea kanuni: asubuhi sichukui kalamu. Nikishika kalamu tu, nahamia kwa wasikilizaji wangu, na Mungu anabaki anazungumza na watu ambao hawapo chumbani.

Anza na Injili ya Marko, ina sura 16, fupi na yenye mwendo. Soma aya chache, si lazima sura nzima. Zisome mara mbili, ya pili kwa sauti. Tafuta sentensi moja inayokugusa au inayokukera, uigeuze iwe ombi kwa maneno yako mwenyewe. Kisha nyamaza dakika mbili. Hizo dakika mbili ni ngumu kuliko zote, na ndizo wengi wetu tunazoziruka. Mawazo yakikimbia, yarudishe taratibu kwa ile sentensi, bila kujigombeza.

Kutakuwa na majuma ambayo hutasikia chochote. Endelea. Mafuta hayaonekani yakiingia chomboni gizani.

Hatua ya 5: Kagua ukuta kila usiku

Kabla ya kulala, rudi kwenye siku yako. Wakristo wamekuwa wakifanya hivi kwa karne nyingi. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, katika karne ya 16 aliwafundisha wenzake wasiache kuipitia siku yao hata siku ambayo maombi mengine yameshindikana. Mimi naifanya hivi: nashukuru kwanza, kwa vitu vyenye majina, si "kwa yote". Namwomba Roho Mtakatifu anionyeshe siku yangu. Naipitia kuanzia asubuhi, saa kwa saa, kama mtu anayetembea juu ya ukuta na taa. Napoona ufa nausimamia: hapa nilimjibu vibaya, hapa nilitazama kitu nisichopaswa, hapa nilijua la kufanya nikanyamaza. Naungama kwa kuutaja wenyewe. Halafu naitazama kesho na kuuliza ni saa gani itakuwa ya hatari.

Hapo ndipo karatasi yako ya hatua ya 2 inapofaa. Ukijua unaanguka mchana baada ya huduma, basi usiku wa kuamkia siku hiyo uombee mchana ule hasa, na upange utakuwa wapi na nani.

Ukaguzi huu usizidi dakika 10. Ukizidi hapo unageuka mahakama, na Ibilisi, ambaye Petro anamwita mshitaki wetu, hufurahi sana kupewa kiti.

Hatua ya 6: Usiudharau mwili

Watu wa kiroho hatupendi kulisikia hili. Gethsemane wanafunzi walilala, Luka anasema, kwa huzuni. Macho yao yalikuwa mazito. Bwana hakuwaita wanafiki. Alisema roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, malaika hakuanza na mahubiri. Alimwamsha ale, akamwacha alale tena, akamwamsha ale tena. Maongezi na Mungu yalikuja baadaye, mlimani.

Usipolala usingizi wa kutosha utakuwa mwepesi wa hasira na mzito wa maombi, na utadhani umeingiliwa na pepo kumbe umechoka. Katika Luka 21:34 Bwana anayataja mambo yanayoilemea mioyo: ulafi, ulevi, na masumbufu ya maisha haya. Tunahubiri sana juu ya ulevi. Masumbufu tunayaita uwajibikaji.

Simu nayo iingie hapa, kwa kifupi: isilale mkononi mwako na isiwe sauti ya kwanza unayoisikia ukiamka. Iweke mbali na kitanda. Kama unaitegemea kukuamsha, iweke mahali ambapo lazima usimame kuifikia.

Hatua ya 7: Pata mwenzako wa zamu

Nehemia alipokuwa anajenga ukuta wa Yerusalemu, ambao ulimalizika kwa siku 52, walimwomba Mungu na wakaweka walinzi mchana na usiku. Aliwapanga watu kwa jamaa zao, na tarumbeta iliwekwa kando yake ili walio mbali wakisikia wakusanyike. Ukuta ulikuwa mrefu, watu wametawanyika. Bila tarumbeta kila mmoja angepigana peke yake.

Huko Herrnhut, Ujerumani, mwezi Agosti 1727, Wamoravia walianza zamu ya maombi: wanaume 24 na wanawake 24 wakagawana saa za siku, kila mmoja akiishika saa yake. Mnyororo huo uliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Hakuna aliyekesha saa zote. Kila mmoja alilala akijua kuna mwenzake aliye macho.

Tafuta mtu mmoja, wa jinsia yako, anayemwogopa Mungu na anayejua kufunga mdomo. Mpe ruhusa ya kukuuliza maswali, na mkubaliane maswali yenyewe, maana "unaendeleaje kiroho?" lina jibu moja tu na sote tunalijua. Mimi na ndugu yangu katika Bwana huulizana matatu kila juma: Mungu amekuambia nini juma hili nje ya huduma? Umeanguka wapi? Kuna kitu gani unatamani nisikuulize? Hilo la tatu ndilo limeniokoa zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza alipoliuliza nilinyamaza kwenye simu mpaka akadhani imekatika.

Ukimwona yeye anasinzia, mwendee kwa upole. Wagalatia 6:1 inasema umrejeze kwa roho ya upole, "ukijiangalia nafsi yako usije ukajaribiwa wewe mwenyewe."

Hatua ya 8: Usichanganye kukesha na hofu

Nimekutana na wapendwa wanaoona adui kila kona, wanaotafsiri kila ndoto na kila kikohozi kuwa shambulio. Wanazunguka kutoka kwa mtumishi huyu hadi yule wakitafuta ulinzi. Hao hawajakesha, wamekosa usingizi. Mlinzi wa kweli anajua kwamba "BWANA asipoulinda mji yeye aulindaye akesha bure," kwa hiyo anasimama zamu yake kwa moyo uliotulia. Yesu mwenyewe alilala ndani ya chombo katikati ya dhoruba.

Kipimo changu ni hiki: je, macho yangu yanamtazama zaidi anayekuja kuiba au anayekuja kurudi nyumbani? Nikijikuta namtaja Ibilisi mara nyingi kuliko Bwana katika maombi ya siku moja, najua nimeanza kupotea. Na kila mafundisho au unabii unaokuja kwa kukutisha, yapime kwa Maandiko kama walivyofanya watu wa Beroya, waliochunguza kila siku kama mambo waliyoambiwa na Paulo ndivyo yalivyo.

Ukijikuta tayari umelala

Usingoje semina. Usingoje mwezi mpya wala mfungo. Bwana aliliambia kanisa la Sardi likeshe, liyaimarishe mambo yaliyosalia yanayotaka kufa, likumbuke jinsi lilivyopokea, liyashike hayo, na kutubu. Angalia alivyoanza: kuna mambo yaliyosalia. Jiulize ni kipi bado kina pumzi ndani yako. Pengine ni wimbo mmoja unaokutoa machozi, au dhamiri inayochoma bado, au hamu tu ya kurudi. Anzia hapo.

Usiku ule wa uzi mwekundu sikuweza kuomba maombi marefu. Nilisoma mistari sita kutoka pale alamisho ilipokuwa, polepole, nikamwambia Bwana nilikokuwa, nikaomba msamaha, kisha nikalala. Asubuhi nilimpigia ndugu yangu simu kabla sijaoga, maana nilijua nikichelewa nitaona aibu. Hakunihubiria. Aliniuliza mistari ile ilisemaje, nikaanza kumsomea.

Aliyeambiwa "Simoni, je! umelala? Hukuweza kukesha saa moja?" ndiye aliyekuja kuwaandikia waumini waliotawanyika: "Mwe na kiasi na kukesha." Aliandika akijua usingizi ule ulivyo, na akijua pia sauti iliyomwamsha ilikuwa ya nani.